Masta ya Ten bai Twelvu

Dalali alinipigia kabla sijapiga mswaki. "Bosi wangu, nimekupatia masta. Ten bai twelvu, selfu konteina, spesi ya kumwaga, ina na open kicheni. Uwahi, watu wanaigombania."

Nikawahi. Nikatoa elfu kumi ya kuonyeshwa, ambayo hairudi hata ukionyeshwa kaburi. Tukakata vichochoro vya Sinza, tukaruka mtaro, mlango ukafunguliwa. Nikasimama nikidhani hiyo ni korido, nangoja tuingie chumbani. Kumbe tulishaingia.

Siku hizi sitafuti chumba bila futi ya fundi mfukoni. Nikaivuta: 8 na nusu kwa 9. Dalali wala hakushtuka. "Bosi, ten bai twelvu inapimiwa nje, pamoja na ukuta." Tofali la inchi 6 kila upande linaongeza futi moja tu. Huko anakosema yeye labda ukuta wa gereza.

Mimi kitanda changu ni sita kwa sita. Kikiingia hapo, futi za mraba 36 zimeliwa, zinabaki arobaini na ushee, na mlango unafungukia ndani. Open kicheni yenyewe ni kaunta ya kigae iliyobanana na mlango wa choo. Ukikaanga dagaa, taulo nalo linakaangika. Alisema kweli kwenye neno moja tu, konteina, na hapo napo kalitukana konteina: lile la futi 20 la bandarini ni refu mara mbili ya kile chumba.

Wazee wa Lamu na Unguja kwenye nyumba zao za mawe, upana wa chumba ulikuwa urefu wa boriti ya mkoko. Boriti ikiishia hapo, na chumba kimeishia hapo, hakuna cha masta.

Nikamuuliza dalali, "Hivi kwa Kiswahili, hiki ungekiitaje?"

Akakizungushia macho, kazi ya nukta moja. "Chumba kidogo."

"Chumba kidogo mtaa huu bei gani?"

"Elfu themanini. Ila hii ni masta, bosi. Laki na nusu, miezi sita, na mwezi mmoja wangu."

Nililipa. Mvua zilikuwa zimeanza na mwenye nyumba wa zamani alishaning'olea bati.

Jioni mama akapiga kuuliza nimepata chumba cha namna gani. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Masta, mama. Ten bai twelvu. Spesi ya kumwaga."

"Alhamdulillahi! Basi mdogo wako na shangazi yako wanapanda basi kesho alfajiri."