Mashine Iliyotaka Kwenda Ziwani

Chanzo cha yote ni picha. Mke wangu alipigwa picha akifua mtoni Mulongwe, hapa Uvira, maji magotini, mgongo umepinda kama ndoana, na binti yetu akaituma kwa yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, aliyeko Marekani. Yaya hakujibu neno. Miezi minne baadaye alipiga simu kutuambia mzigo umeshapanda meli.

Huko aliko, yaya anatengeneza nyumba za magurudumu. Ndiyo, nyumba. Wapo wazee wa kule ambao wakistaafu wanauza nyumba ya matofali, wananunua gari refu lenye kitanda, jiko na choo, kisha wanazunguka nchi nzima kama wafugaji wasio na ng'ombe. Ndani ya gari hilo, nyuma ya mlango wa kabati, huwa kuna mashine mbili zilizobebana: ya chini inafua, ya juu inakausha. Gari moja liligongwa, mashine zikabaki nzima, yaya akazipata kwa bei ya kutupa. Akazifunga vizuri. Shika neno hilo, akazifunga vizuri. Zikafika Dar es Salaam, zikapanda treni ya reli ya kati hadi Kigoma, zikavuka ziwa hadi Kalundu. Bandarini karani aliandika "friji mbili". Nikalipia friji mbili. Mtu aliyengoja mzigo miezi hiyo yote habishani juu ya jina.

Nyumbani hapakuwa na pa kuziweka. Tangu Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, nyumba yetu imepungua chumba kimoja, na sisi tunalala kama ndagala kwenye kikapu. Lakini uani kulikuwa na Hiace yangu, ile iliyobeba abiria njia ya Bukavu mpaka milima ya Ngomo ikaitoa roho. Injini niliiuza zamani. Yalibaki mabati, viti viwili vya mbele na magurudumu manne.

"Sasa hiyo si nyumba ya magurudumu?" yaya aliniuliza kwa simu.

Nikaona kweli. Nikaona na mbele zaidi: presingi, yaani duka la kufulia nguo, ya kwanza mjini yenye usukani. Usiku ule nilihesabu faida hadi usingizi ukanikimbia.

Kazi ya ufundi nilimpa shemeji yangu mdogo, ambaye amewahi kufufua redio tatu na kuua moja. Yaya alimwelekeza kwa simu: umeme wa kwao ni volti 120, wa kwetu 220, kwa hiyo tafuteni transfoma. Tulinunua moja Bujumbura, nzito kama jiwe la kusagia, na pale mpakani Kavimvira nililazimika kueleza mara tano kwamba si bomu. Kisha yaya akasema ile ya juu hupumua. Inavuta hewa, inaipasha moto, inaipitisha kwenye nguo, halafu inaitoa nje pamoja na unyevu na vumbi la nyuzi. Toboeni bati, bomba la sentimita 10 litokee nje, na msilizibe hata siku moja. Bomba tukaliunga kwa makopo ya maziwa ya unga yaliyotolewa matako. Lilitokeza ubavuni mwa Hiace kama mkono wa mtu anayeomba.

Maji nayo? Pipa juu ya paa, mpira kutoka pipani hadi kwenye mashine, na watoto wa kupandisha bidoni. Bidoni tatu kwa nguo ambazo mke wangu angezifua kwa moja. Alizihesabu zote tatu kwa sauti, tusikie.

Kitabu cha maelekezo kilikuwepo. Kwa wiki moja kilikuwepo.

Ijumaa tukaizindua. Kesho yake kulikuwa na harusi, kwa hiyo ndani iliingia shati langu jeupe na kitenge kipya cha mke wangu. Majirani walijaa uani. Kupitia kioo tuliona shati likizunguka, likatupungia mkono, likazama. Watoto wakapiga makofi. Dakika ya kumi umeme ukakatika.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mlango wa mashine hiyo hujifunga wenyewe ukiwa na maji ndani, na mtu hawezi kuufungua kwa maombi. Tuliiona sare yetu ya harusi imelala kwenye maji ya povu, kama samaki wa kufugwa. Mke wangu alinitazama. "Baba Neema," alisema polepole, "mtoni hakuna mlango."

Tukaamua kungoja. Shemeji akajitolea kulala kwenye kiti cha dereva ili alinde mali. Sisi tukaingia ndani.

Umeme ulirudi saa nane usiku, na mashine ikaendelea pale ilipoachia, bila kumwuliza mtu. Ikafua, ikamwaga maji, ikaanza kukamua. Niliruka kitandani nikidhani ni tetemeko. Uvira, kama hujafika, ni mji uliobanwa: milima ya Mitumba mgongoni, Tanganyika miguuni, na katikati kila kitu kinateremka kuelekea ziwani. Hiace yangu haikuwa tofauti. Mtikisiko ulilisukuma jiwe la gurudumu la kwanza, kisha la pili, na nilipofika mlangoni niliona gari lisilo na injini likiondoka uani kwa heshima zote. Mle ndani taa nyekundu ya mashine ilikuwa inawaka, na shemeji alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili akikanyaga breki ambazo niliziuza pamoja na injini.

Waya ulivutika, ukachomoka, mashine ikanyamaza. Gari likaendelea kidogo kwa mazoea, likasimama ndani ya ua wa matete wa jirani yetu, mama muuza ndagala. Alitoka na kibatari, akamulika, akamwona shemeji. "Unaenda Bukavu saa hizi?"

Asubuhi nilinunua mandazi kwa bibi wa njia panda. Karatasi aliyonifungia ilikuwa na mchoro nilioufahamu: mgongo wa mashine, boliti nne zimezungushiwa duara, na alama kubwa ya hatari. Boliti hizo hulishikilia pipa la ndani lisichezecheze safarini, na lazima zitolewe kabla ya kufua, la sivyo pipa likizunguka mashine nzima hucheza nalo. Yaya aliifunga vizuri. Sisi hatukuifungua. Na bibi wa mandazi alikuwa na kurasa nyingine thelathini.

Boliti zilipotoka, mashine ikatulia kama bwana harusi. Ikabaki ya kukausha. Wakati wa kiangazi ni kichekesho kuwasha moto wa umeme Uvira, jua linakausha shati kabla hujamaliza kulianika. Lakini masika nguo zinakaa siku tatu kwenye kamba zikinuka ukungu, na ndagala vilevile: wakikosa jua wanaoza mchangani na mtaji unaoza nao. Mama jirani aliliona bomba langu likipuliza hewa ya moto upande wa ua wake. Hakuja kulalamika. Alikuja kuuliza nitakausha tena lini.

Siku ya kwanza aliwaweka ndagala mbele ya bomba, wakakauka vizuri, ila waliota manyoya. Lile vumbi la nyuzi za nguo liliwavaa, kila ndagala na koti lake la rangi ya bluu. Siku ya pili, ili moto usipotee bure, alilivika bomba kikapu kizima na kukifunga kamba.

Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga, kule Kalemie. Mpelelezi Stanley alipoupitia mwaka 1876 aliukuta umeziba kwa mchanga na matete. Maji yalizidi kupanda, na baada ya miaka michache yakaufumua. Mashine yangu haikuwa na uvumilivu wa ziwa. Ilijaa joto, ikajizima, na pumzi iliyokosa njia ikarudi ndani ya nguo na harufu yote ya kikapu. Jumapili paka wawili walinisindikiza hadi mlangoni mwa kanisa.

Yaya alipiga simu jioni. "Inakausha?"

"Inakausha, yaya. Aksanti sana."

Hakuuliza inakausha nini.

Mke wangu bado anafua Mulongwe. Boliti nne ziko kwenye kopo la maziwa juu ya kabati; ukitumiwa mashine na ndugu wa ng'ambo, pita kwanza nyumbani uzione zilivyo, na usinunue mandazi njiani kabla hujakisoma kitabu.