Barua ya wazi kwa studio za Hollywood: acheni kufanikiwa

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi,
Studio Kubwa za Filamu,
Hollywood, California.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAFANIKIO YENU YA HIVI KARIBUNI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtazamaji wenu wa siku nyingi. Kila mlipotengeneza filamu kutokana na gemu nililipa kiingilio, nikatoka kichwa chini, na iliyofuata ikanikuta mlangoni tena. Tulielewana. Sasa naona mmeanza kuvunja mkataba. The Super Mario Bros. Movie ya 2023 imeingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. A Minecraft Movie ya 2025 imepita dola milioni 900, na vijana wa Marekani walifurahi mpaka wakarusha bisi ukumbini. Kufurahi, waheshimiwa! Katika filamu ya gemu! Mila ya miaka thelathini inazikwa na hakuna hata mmoja wenu aliyeitisha kikao.

Naomba niwakumbushe mlikotoka. Mwaka 1993 mlimchukua Mario, fundi bomba mwenye masharubu anayekanyaga kobe na kula uyoga, mchezo ambao mtoto wa chekechea anauelewa bila kufundishwa. Mkautazama, mkaona haya. Mtu mzima aliyevaa tai atasimamaje mbele ya wenye fedha aombe mamilioni kwa ajili ya uyoga? Basi mkajenga jiji la giza lililojaa dinosaria waliogeuka watu. Uyoga mkaufanya utando wa kunata unaoning'inia kila kona. Goomba, kile kidudu kifupi ambacho mchezaji hukikanyaga akapita zake, mkampa urefu wa mlango na kichwa cha ukubwa wa ngumi. Bob Hoskins, aliyemwigiza Mario, baadaye aliwaambia waandishi kwamba hiyo ndiyo kazi mbaya kuliko zote alizowahi kufanya. Ule ndio ulikuwa uongozi! Mlilipia jina bei kamili, mkatupa kilichomo ndani, wala hamkudai chenji.

Mwaka uliofuata ikaja Street Fighter. Ryu na Ken, ambao watoto walikuwa wakigombania kuwachagua, mkawasukuma pembeni wakawa matapeli wadogo, ili mwigizaji Van Damme apate nafasi ya kutoa hotuba. (Huku kwetu Dar es Salaam filamu za namna hii huvumilika kwenye vibanda umiza vya kuonyeshea video, kwa sababu kuna msimulizi anayezitia Kiswahili. Pale mnapoharibu yeye hutengeneza papo hapo, bila bajeti. Hamjawahi kumtumia hata barua ya shukrani.)

Kilele, kwa maoni yangu, ni Doom ya 2005. Gemu lenyewe lina jambo moja tu: uko Mars, jehanamu imefunguka, piga mashetani. Ninyi mkaondoa jehanamu, mkaondoa mashetani, mkaweka kromosomu. Mtu aliyekuja kupigana na Ibilisi akakalishwa chini afundishwe baiolojia. Halafu, kwa huruma, mkampa dakika chache za kutazama vita kupitia macho ya askari, bunduki mbele, kama kwenye gemu, ila mikono yake haina pedi. Alikaa pale kama mdogo mtu anayemtazama kaka yake akicheza, na zamu yake haifiki. Hapo, nakiri, mliligusa tatizo lenyewe: mchezaji amezoea kutenda, na filamu inampokonya utendaji. Ukimpokonya huo inabidi umlipe kwa kitu kingine, kama vile wahusika anaowapenda, utani anaoujua, au ulimwengu aliokaa ndani yake usiku kucha. Kwa bahati nzuri hamkuwa na nia ya kumlipa.

Lakini siri kubwa ya kufeli kwenu ilikuwa bajeti, na ndiyo maana naumia mkianza kubana matumizi. Mortal Kombat ya 1995 ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 20, ikaingiza zaidi ya milioni 120. Five Nights at Freddy's ya 2023 nayo ilikuwa ya milioni 20, ikakaribia milioni 300. Mnaona hatari ya umaskini? Mwenye milioni 20 hana uwezo wa kumridhisha kila mtu, kwa hiyo hulazimika kumridhisha anayelijua gemu. Mwenye milioni 150 ana mzigo mwingine: amfikirie bibi wa Ohio ambaye hajawahi kushika pedi, alifikirie soko la China, amfikirie mwanasheria na muuza midoli. Kila mmoja anaomba kitu kimoja tu kiondolewe. Wakimaliza, mchezaji haoni alichokipenda, na yule bibi hakuwa na mpango wa kwenda sinema tangu mwanzo.

Borderlands ya 2024 ni kielelezo safi. Gemu la damu na mizaha michafu likalainishwa ili watoto waruhusiwe kuingia. Akaletwa Cate Blanchett na Oscar zake mbili. Zikatumika dola zaidi ya milioni 100, zikarudi kama milioni 33. Nilitoka ukumbini nimetulia, nikijua dunia ingali mahali pake.

Wala msidhani haya ni ugonjwa wa wageni waliolivamia gemu. Hironobu Sakaguchi, muasisi wa gemu za Final Fantasy, aliongoza mwenyewe filamu ya 2001 iliyobeba jina hilo. Wataalamu walichora nywele za mhusika mkuu unywele kwa unywele, karibu 60,000. Bajeti ikafika milioni 137, mapato kama milioni 85, na studio iliyojengwa Honolulu kwa kazi hiyo ikafungwa. Nywele zilikuwa nzuri mno. Final Fantasy yenyewe ndiyo haikuonekana.

Mtaniuliza kuhusu filamu ya gemu la Halo. Hilo nalisimulia kwa fahari. Mwaka 2005 Microsoft waliwavalisha watu deraya za Master Chief, shujaa wa gemu hilo, wakawatuma wawaletee ninyi skripti mlangoni. Mkavutana kuhusu fedha hadi 2006, mradi ukafa, na kijana wa Johannesburg aliyepangiwa kuongoza, Neill Blomkamp, akabaki mikono mitupu. Akaenda Afrika Kusini kutengeneza District 9, Peter Jackson akiwa mtayarishaji, kwa dola kama milioni 30. Ikaingiza milioni 210 na kuteuliwa mara nne kwenye Oscar, ikiwemo filamu bora. Yaani filamu bora kabisa iliyotokana na gemu ni ile ambayo gemu lenyewe mlilikataa. Sera hiyo ilikuwa na tija kubwa, sijui kwa nini mliiacha.

Kwa hiyo naomba, kwanza, mkome kuwasikiliza wachezaji. Mwaka 2019 mlionyesha trela ya filamu ya Sonic, yule mnyama wa gemu, akiwa na meno ya binadamu, watu wakapiga kelele, nanyi mkamchora upya. Matokeo yake ni zaidi ya dola milioni 300 na aibu ya kupendwa. Pili, Shigeru Miyamoto, aliyembuni Mario, atolewe kwenye vyumba vya uamuzi. Mlimpa kiti cha mtayarishaji mwenza na mmeona kilichotokea: uyoga ukabaki uyoga.

Mwisho, nasikia The Legend of Zelda inaandaliwa. Shujaa wake, Link, kwa miaka yote ya gemu hizo ni mtu asiyesema. Mpeni hotuba ya dakika kumi, ikiwezekana ndani ya maabara. Bibi wa Ohio ataelewa.

Nawatakia utekelezaji mwema.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mtazamaji mwenye tiketi zote

Nakala kwa:
Muuza midoli
Mwanasheria
Wachezaji (kwa taarifa tu, maoni yao hayahitajiki)