Umeme wa Kuandikiwa Barua

Ndugu wa Ngamiani, Tanga, jana umeme ulimuumbua mwandishi wenu. Na si umeme ule mnaoujua, unaokatika pasi ikiwa bado kifuani kwa shati. Huu wa Leicester, Uingereza, ulibisha hodi kwanza. Ilikuja barua ya watu wa nyaya, na ndani yake jina la mtaa, tarehe, saa ya kuzima, saa ya kuwasha, na ahsante ya uvumilivu. Sheria ya huku inataka mteja aarifiwe angalau siku 2 kabla. Asipoarifiwa, ana haki ya kudai fidia. Fidia! Mngekuwa mnalipwa, Ngamiani ingekuwa maghorofa matupu.

Mwandishi ni mkaangaji kwenye kimgahawa cha Bi Mkubwa mmoja wa Mombasa. Bi Mkubwa alijipanga kama jemadari: sambusa zikaangwe alfajiri ziingie kwenye hotpoti, chai ijazwe kwenye thamosi, mashine ya kadi ichajiwe maana hiyo inatumia laini ya simu. Akatuma ujumbe wa sauti: "Stima yazimwa saa tatu hadi saa tisa. Kabla ya hapo nataka sambusa zangu zishaiva."

Barua ukutani ilisema 9 hadi 3. Saa 9 ya Kizungu asubuhi ndiyo saa tatu yetu, na 3 yao ya mchana ndiyo saa tisa. Mtoto wa chekechea Tanga anajua. Lakini mwandishi wenu, miaka mitatu tu Uingereza, amejizoeza saa za Kizungu hadi zake zimempotea. Alisikia "saa tatu" akaelewa 3 alasiri. Barua aliitupia jicho, akaona 9, akaona 3, akaridhika kwamba tarakimu ni zile zile. Akalala.

Aliingia jikoni saa mbili na dakika hamsini asubuhi, anapiga mluzi. Mafuta yalipochemka akatumbukiza sambusa kumi. Saa tatu kamili taa zikazima. Na gesi nayo ikazima.

Gesi, jamani! Akawasha kiberiti, jiko kimya. Akazungusha swichi, akabembeleza, akatukana kidogo. Bi Mkubwa alipofika ndipo akamweleza: juu ya jiko kuna feni la kufyonza moshi, na feni hilo limefungwa pamoja na vali ya gesi. Feni lisipozunguka, vali inajifunga yenyewe, ili hewa ya sumu isiwaue wapishi. Ni jambo la busara, na ukilisimulia hapo barazani utaulizwa umekunywa nini. Gesi imejaa bombani, kiberiti kiko mkononi, chakula hakiivi kwa sababu feni limelala! Bibi yake mwandishi angetoa sigiri uani, akaipepea kwa kifuniko cha sufuria, na watu wangekula. Mwandishi aliiwaza ile sigiri mpaka akasahau sambusa kumi zilizokuwa zinakunywa mafuta taratibu.

Ikabaki friji. Chakula baridi huku hakitakiwi kuzidi nyuzi 8. Ukikitoa kwenye baridi kukiuza, una saa 4, tena mara moja tu. Giza lilikuwa la saa 6. Bi Mkubwa akabandika plasta kwenye mlango wa friji, akavuta kiti, akalilinda na kipimajoto mkononi. Mwandishi hakuthubutu kuomba maji.

Aliyewaokoa ni jirani, mzee wa Kihindi mzaliwa wa Kampala, aliyefika mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia. Mwaka huo baraza la mji wa Leicester lilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije. Wakaja, na leo muhogo unauzwa hapa kwa jina la "mogo". Mzee alileta ndoo mbili za barafu na swali moja: "Wewe mtu ya Tanga, saa ya Kiswahili hapana jua?"

Siku hiyo waliuza soda, visheti vya juzi, na samahani nyingi.

Umeme ulirudi dakika ishirini kabla ya saa tisa. Friji likanguruma, basi. Mtaa mzima kimya, hakuna hata mtoto mmoja aliyepiga kelele. Mwandishi ikamshinda. Akatoka mlangoni, akavuta pumzi: "Umeruuudi!" Mama mmoja mwenye kigari cha mtoto akavuka barabara haraka. Halafu, kutoka duka la pili, sauti ya kizee ikaitikia: "Umeruuudi!"

Ndani, maikrowevu ilikuwa inawaka na kuzima, 12:00, 12:00. Mwandishi akanyoosha mkono airekebishe. Bi Mkubwa akaupiga na mwiko.