Jiografia ya Uani

Shule zina uzio, na wazazi wengi hudhani uzio ule ni wa kuwazuia wanafunzi wasitoroke. Mimi niliyesoma kidato cha tatu na cha nne kwa masafa, nyumbani kwangu Mlandizi, cherehani ikiwa mbele yangu, nawaambia uzio wa shule kazi yake ni moja: kuwazuia ndugu wasiingie.

Mwanafunzi wa darasani akifungua daftari, anasoma. Wa masafa akifungua daftari, kakaa bure. Mama mtu mzima ukionekana kibarazani na kitabu saa nne asubuhi, basi wewe ni wa kushikishwa mtoto, kulindishwa mchele ulioanikwa na kuulizwa kama umemwona jogoo fulani. Ukisema unasoma, watu hucheka kwa upole na kukuachia mtoto wa pili.

Na si kwamba elimu hii imeletwa juzi. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1972 yakaanza masomo kwa njia ya posta, mtu anaandikiwa somo, anajibu, anabandika stempu. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu karibu milioni mbili nchi nzima walikaa vikundi vikundi kuizunguka redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo ikapata sheria yake mwaka 1975. Haya nayajua vizuri kwa sababu mama mkwe wangu ni mhitimu wa Mtu ni Afya na hajapata kusahau.

"Sisi tulisoma kwa redio, tukatoka na choo," aliniambia siku nilipoleta moduli zangu nyumbani. "Wewe utatoka na nini?"

Nilimjibu kwamba nitatoka na cheti. Akaguna.

Siku zangu mimi stempu ilikuwa imeshakwisha kazi. Ni moduli, kundi la WhatsApp, mwalimu anayetuma sauti usiku bando likiwa la bei nafuu, na Jumamosi unapanda daladala kwenda Kibaha kukutana na wenzako ana kwa ana. Masomo mengi yanakubali utaratibu huo. Historia ina adabu, inakaa kitabuni na watu wake walishakufa. Uraia unausoma huku unapiga pasi. Jiografia ndiyo isiyokubali kukaa ndani. Inataka utoke uani ukapime kitu, na uani kwa watu wa Pwani si mahali pa siri.

Nilianza na mvua. Moduli ilitaka kipima mvua, na ikaeleza jinsi ya kukitengeneza: chupa, faneli, unachimba shimo, unaizika chupa ili isiyumbe, mdomo unauacha sentimita 30 juu ya ardhi, mbali na nyumba na miti. Nikakata chupa ya maji ya lita moja na nusu, shingo nikaigeuza kuwa faneli. Mahali pekee palipokuwa mbali na nyumba na miti ni katikati ya uwanja, na muda pekee niliokuwa nao ni magharibi, baada ya kumaliza sare za wanakwaya.

Sasa mtazame mke wa mtu, jua limezama, kainama katikati ya uwanja anafukia chupa.

Asubuhi sikusalimiwa. Adhuhuri nikapata taarifa kwamba mtoto wa nyumba ya tatu ameamka na homa. Alasiri mama mkwe alikuja na mtaalamu kutoka upande wa Kisarawe, mzee mpole mwenye mkoba, aliyekizunguka kile kifaa mara kadhaa bila kukigusa.

"Ndani mna nini?" akauliza.

"Mvua," nikasema.

"Ya nani?"

Kwenye moduli swali hilo halikuwamo. Nilimsomea maelezo yote, masika ya Machi hadi Mei, vuli ya Oktoba hadi Desemba, jinsi ya kusoma milimita. Akasikiliza kwa heshima ya mtu anayesikiliza mtaalamu mwenzake, akatamka kwamba chupa haina neno, ila ingefaa iwe na kifuniko. Kipima mvua chenye kifuniko hakipimi mvua, lakini nauli yake ilikuwa imeshalipwa na sikutaka kumvunja. Nikakifunika hadi alipoondoka.

Rekodi zangu za msimu ule ziko vizuri isipokuwa siku moja ya Februari, jua kali, mbingu nyeupe, ambapo uani kwangu ilinyesha milimita 22. Wingu halikuonekana. Aliyeonekana ni mtoto wa wifi yangu, akifunga bukta.

Somo lililonipa heshima ya kwanza lilikuwa la majira na longitudo. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, yaani digrii moja kwa dakika nne. Saa za Afrika Mashariki zimefungwa kwenye longitudo 45 Mashariki, ambayo haigusi hata Tanzania. Mlandizi tuko kwenye 38 na ushei. Piga hesabu: jua letu liko nyuma ya saa ya ukutani kwa dakika 25 hivi. Fundi cherehani akigundua jambo kama hili hulala na furaha. Mteja aliyekuja saa kumi kamili kuchukua gauni la shughuli, nilimchorea dunia kwa chaki ya kitambaa na kumwonyesha kwamba kwa haki ya jua bado ni saa tisa na dakika thelathini na tano. Alitazama dunia, akalitazama gauni lisilo na mkono mmoja, akasema, "Haya mama, hizo dakika 25 shona." Nikashona. Zilitosha.

Hayo yote ni ya kuchekwa na watu wa nyumbani tu. Upimaji wa ardhi ulikusanya kitongoji.

Ilikuwa 2018. Mwaka uliotangulia, nyumba za kando ya barabara ya Morogoro kuanzia Kimara hadi Kiluvya zilikuwa zimebomolewa kupisha upanuzi wa barabara, na Aprili ya mwaka huohuo jiwe la msingi la reli ya kisasa lilikuwa limewekwa Pugu. Tuta la reli lilikuwa linapanda upande wetu wa Ruvu, na watu waliovaa vizibao vya kung'aa walipita na vyombo vya miguu mitatu. Katika mambo ya rangi, hakuna mwanajiografia anayemshinda mkazi wa kando ya barabara. X nyekundu: umeifuata barabara, ondoka na mizigo yako. X ya kijani: barabara imekufuata, kaa usubiri hundi.

Moduli inasemaje? Inasema upimaji wa mnyororo unahitaji mnyororo wa mita 20, wasaidizi wawili, na fito ndefu zilizopakwa milia ya rangi nyeupe na nyekundu ili zionekane kwa mbali. Kwa mnyororo nilichukua kamba ya katani nikaifunga fundo kila mita, nikitumia futi yangu ya ushonaji yenye sentimita 150. Fito nilikata za mwarobaini. Rangi nyekundu ilibaki kwenye kopo tangu tulipopaka geti. Wasaidizi walikuwa mwanangu wa kidato cha pili na rafiki yake, ambaye, kwa mapenzi ya elimu, alikuja amevaa kofia ngumu ya baba yake aliyekuwa kibarua wa reli.

Tukaanzia kona ya ua wangu kuelekea barabarani. Fito ya kwanza, kimya. Fito ya pili, muuza mkaa akasimama. Nilipochomeka ya tatu na kufumba jicho moja kuangalia kama zimenyooka, mama wa genge alianza kuingiza nyanya ndani. Jirani wa chini alipanda juu ya banda lake na kung'oa mabati, akihesabu kwa sauti, maana mabati ukiyawahi unaondoka nayo mazima. Mtu mmoja niliyekuwa simjui alinifuata akanipa maji ya baridi na kuniita "injinia". Hapo mwanangu, badala ya kueleza, alimwambia rafiki yake kwa sauti ya kikazi: "Andika mita kumi na nne."

Mwenyekiti wa kitongoji alifika na pikipiki, muhuri umo mfukoni, akataka barua ya utambulisho. Sina. Nikampa moduli. Akasoma ukurasa mzima wa upimaji, akaugeuza, akasoma na wa nyuma, akatafuta nafasi tupu chini ya mchoro, akagonga muhuri. Moduli ile ninayo hadi leo. Ni nyaraka halali.

Usiku, tumeshakula, mlango ukabishwa taratibu. Alikuwa mzee wa jirani, mwenye kiwanja kitupu ambacho miaka yote kilikuwa na nyasi na mbuzi mmoja. Tangu alasiri alikuwa amepanda miembe, minazi na safu mbili za migomba, ile ya majani makubwa inayoonekana ya zamani.

"Binti yangu," alininong'oneza, "ile nyekundu nimeiona. Ya kijani unayo?"

Nilimweleza kwamba nasoma. Akanitazama kama mtu anayejua siri za serikali zinavyotunzwa, akasema, "Nimekuelewa," akaenda zake. Kuanzia hapo akawa mwanafunzi mwenzangu. Kila jioni alikuja na kigoda akakaa mbele ya cherehani wakati nikisoma kwa sauti, akiamini kwamba ipo siku ukurasa wa fidia utafika.

Na ukafika, kwa namna yake. Kutoka kwangu hadi mto Ruvu ni mwendo mfupi wa bodaboda. Mto huo unatoka milima ya Uluguru na kuingia baharini upande wa Bagamoyo, na hapa katikati uko mtambo wa Ruvu Juu, uliojengwa 1959 na baadaye ukapanuliwa kutoka lita milioni 82 hadi 196 kwa siku, kiasi kwamba mtu wa Kimara akioga asubuhi anaoga Mlandizi. Lakini mtihani hauulizi Ruvu, unauliza Tennessee. Basi tukasoma Tennessee, mimi na mzee: mamlaka ya bonde iliyoundwa 1933 chini ya Rais Roosevelt, mabwawa, umeme, mmomonyoko wa udongo, mbolea. Mzee alisinzia hadi nilipomweleza, kwa habari nilizozikuta simuni, kwamba kupisha bwawa la Norris familia karibu elfu tatu zilihamishwa.

Akazinduka. "Wakalipwa?"

"Wenye ardhi walilipwa. Wapangaji hawakupata kitu."

"Miti ilihesabiwa?"

Sikuweza kumjibu, na naona ni pengo kubwa katika moduli.

Picha nazo zilikuwa na vituko vyake. Mazoezi ya kusoma picha tulitolewa fotokopi, na fotokopi ya fotokopi hubadilisha nchi. Picha ileile ya mchana, mimi niliandika ni shamba la mkonge, mwenzangu wa Vigwaza akaandika bahari yenye mawimbi, na kijana mmoja askari akaandika usiku. Mwalimu alisema kwa sauti ya WhatsApp, akihema kidogo, kwamba ni mji wa viwanda.

Novemba nikafanya mtihani, Januari matokeo yakatoka. Jiografia C. Kiswahili D, na hilo naomba tuliache hapo. Mama mkwe alilichukua tangazo la matokeo akazunguka nalo nyumba hadi nyumba, akianzia ile ya tatu, ya mtoto aliyekuwa na homa.

Haikupita muda mrefu mwenyekiti akaniita. Ndugu wawili walikuwa wanagombea mpaka wa shamba la baba yao, mmoja anasema ni mkorosho, mwingine anasema mkorosho ulipandwa juzi, na kitongoji kilitaka mtu mwenye cheti. Nikabeba kamba yangu ya mafundo. Mama mkwe akabeba fito na kukataa kusaidiwa. Tulipofika, mzee wa jirani alikuwa ametutangulia, amekaa juu ya kisiki, miguuni pake kopo jipya la rangi, kijani, halijafunguliwa.

"Mzee wangu," nikamwambia, "huu ni ugomvi wa ndugu. Hapa hakuna fidia."

"Najua, binti yangu," akasema. "Wewe pima tu."