Jinsi ya Kumwona Sheshe Bila Kumkosea Shangazi

Kutoka Dar es Salaam hadi Ifakara ni mwendo wa siku moja. Kwa hiyo omba ruhusa ya wiki.

Mikumi, barabara kuu inapokatiza hifadhi, punguza mwendo. Kila mnyama ana faini yake ukimgonga, na twiga anaweza kukugharimu kuliko gari lenyewe. Ukifika Mikumi mjini, kata kushoto kuelekea Kidatu. Kuanzia hapo wanyama si wa kuogopwa tena. Waogope ndugu.

Kidatu kuna baba mdogo, mstaafu wa kiwanda cha sukari. Mang'ula kuna binamu. Ukitaka kuyaona maporomoko ya Sanje kule Udzungwa, yenye mita 170, yapande kabla binamu hajajua umefika, maana ukishakaribishwa ndani utapanda na tumbo la ubwabwa. "Tumeshiba" ni neno ambalo Bonde la Kilombero halijalisikia. Huku ndiko unakotoka mchele wa Ifakara, na mwenyeji hakupakulii, anakujaribu. Sahani ya kwanza kula robo. Ya tatu inakuja.

Zamani kwenye Mto Kilombero kulikuwa na pantoni, kisingizio kizuri sana: "Shangazi, imeharibika, tumeshindwa kuvuka." Tangu lijengwe Daraja la Magufuli, shangazi wa Lupiro hasikilizi. Ukipita kwenda Mahenge bila kumwamkia, atakuwa na habari kabla hujamaliza kilima.

Sasa sheshe. Ni swala mwekundu wa majani ya majimaji, na bonde hili liliwahi kuwa na sheshe wengi kuliko mahali pengine popote duniani. Mashamba na ng'ombe vimewapunguza mno. Usiende wakati wa masika. Mbuga inageuka ziwa, na gari lako si mtumbwi. Ukimwona tembo au kiboko, furahi kimya kimya. Mjomba analala kwenye dungu miezi mizima akilinda mpunga wake dhidi ya hao hao, na picha yako ya kiboko akitafuna kwake ni picha ya mwizi. Mimi nilimwonyesha. Tulikula ugali siku hiyo.

Siku ya kuondoka, buti liache tupu. Litajazwa gunia la mchele, samaki wakavu wa Kilombero na jogoo. Usikatae chochote. Huyo jogoo mfunge miguu yote miwili.