Kampeni tano za wanyamapori, na Busi ndiyo jaji

Busi iko wilayani Kondoa, mkoani Dodoma. Wilaya hiyo ina Pori la Akiba Mkungunero, na tembo hawana habari na mipaka iliyochorwa ofisini. Wakulima wa huku wengi walimjua tembo kwa nyayo zake shambani kabla hawajamwona kwenye picha. Kwa hiyo hapa nina swali moja tu: kampeni hii ikimfikia mkulima wa Busi, mwenye shamba la mtama na bando la kubana, ina la kumwambia? Tunahesabu kutoka ya tano kwenda ya kwanza. Kaeni mkao wa kula.

5. Mzee atafuta mchumba

Aprili 2017, hifadhi ya Ol Pejeta huko Laikipia, Kenya, ilimwingiza Sudan kwenye Tinder, programu ya kutafutia wachumba. Sudan alikuwa faru dume pekee aliyebaki wa faru weupe wa kaskazini: umri umepita miaka arobaini, uzito tani mbili na ushee, walinzi wenye bunduki saa 24. Majike waliobaki duniani walikuwa wawili, Najin na Fatu. Najin ni binti yake, Fatu ni mjukuu wake. Mshenga gani angekubali kupeleka posa hiyo?

Shabaha ilikuwa kuchangisha fedha za utafiti wa kupandikiza mimba, na dunia ilisikia. Sudan alikufa 19 Machi 2018, ila mwaka uliofuata wanasayansi walifanikiwa kutengeneza viinitete kwa mayai ya Fatu. Ni kazi ya maana kweli. Lakini ililengwa kwa mwenye kadi ya benki kule London, na Busi haikualikwa harusini.

4. Selfi ya Virunga

Aprili 2019 askari wa Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, alijipiga picha na gorila wawili waliosimama wima nyuma yake, Ndakazi na Ndeze, kama mashemeji kwenye picha ya ukoo. Picha ikazunguka dunia nzima. Ndakazi alikuwa yatima: mwaka 2007 aliokotwa akiwa bado mchanga, amemng'ang'ania mama yake aliyeuawa kwa risasi. Alifariki Septemba 2021. Picha ile ina nafasi ya pekee moyoni mwangu kwa sababu ilimwonyesha askari mwenyewe. Virunga imezika zaidi ya askari 200, na wengi wetu hatukuwahi kumwona hata mmoja akicheka.

3. Lami ya Serengeti

Mwaka 2010 serikali ilipotangaza mpango wa barabara kuu ya kukatisha kaskazini mwa Serengeti, Facebook iliwaka moto. Nyumbu hawana akaunti, wakapata wasemaji wengi. Kelele ni kelele, lakini kilichouma ni shauri lililofunguliwa na shirika la Kenya, ANAW, katika Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha. Juni 2014 mahakama ikasema barabara ya lami kupita humo ni kinyume cha sheria. Kupenda chapisho ni hatua ya kwanza, kwenda na wakili ni ya pili, na kampeni nyingi huchoka kabla ya kuifikia ya pili.

2. Ali Kiba na tembo

Sensa ya 2014 ilikuta Tanzania ina tembo wapatao 43,000, kutoka 109,000 hivi mwaka 2009. Hesabu hiyo inakausha mate. Shirika la WildAid likamchukua mwanamuziki Ali Kiba awe balozi wa kuwalinda tembo, na ujumbe ukaja kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo kijana wa Kondoa anaifahamu kabla haijamaliza neno la kwanza. Hapo ndipo Busi ilipoanza kusemeshwa. Lakini mkulima aliyeamka akakuta mahindi yamelazwa chini hatatulizwa na wimbo. Yeye anauliza kifuta jasho kinatoka lini.

1. Kamera za Ruaha

Hii ndiyo bingwa, tena kwa mbali. Mradi ulioanzishwa na mtafiti Amy Dickman mwaka 2009 jirani na Hifadhi ya Ruaha, mkoani Iringa, uliwakabidhi wanakijiji kamera za kutegesha. Wanazifunga wenyewe kwenye ardhi yao. Mnyama akipita, kijiji kinapata pointi, na simba, chui au mbwa mwitu wana pointi nono kuliko digidigi. Mwisho wa kipindi pointi zinageuka huduma za afya, shule na dawa za mifugo. Vijiji vinashindana, na utani wa Simba na Yanga unapata mpinzani.

Wabarabaigi wanaishi huko pia. Kwao kijana aliyeua simba alizawadiwa ng'ombe. Sasa simba aliye hai, akipiga picha yake usiku bila kujua, analetea kijiji dawa za ng'ombe. Zikaongezwa sinema za wanyama zinazoonyeshwa vijijini usiku, kibanda umiza bila kiingilio.

Hapa picha haikusafiri kwenda kuomba huruma ya mtu wa mbali. Ilibaki kijijini ikalipa. Hilo linawezekana Kondoa pia. Shirika litakalokuja Busi lije na kamera, lije na kundi la WhatsApp linalotangaza kwa Kiswahili na Kirangi tembo wameonekana wapi jioni ile, na lije na namba ya askari wa wanyamapori anayepokea simu saa nane usiku.