Utoto wa Kiroho kwa Wasiopenda Kuumia

Ukitaka kuwa mtoto mbele za Mungu kwa urahisi, tafuta picha ya Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, ile ya mawaridi na msalaba kifuani. Itazame mpaka moyo ulainike. Habari zake usiulize; hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Ukiuliza, utaambiwa kwamba mtawa huyo mpole, mzaliwa wa Alençon, Ufaransa, alifika Roma mwaka 1887 akiwa na miaka 14. Mahujaji walikuwa wameonywa wasizungumze na Papa Leo XIII. Yeye alipiga magoti akaomba aruhusiwe kuingia monasteri ya Karmeli akiwa na miaka 15, akang'ang'ana hapo mpaka walinzi wakamwondoa. Aprili iliyofuata aliingia.

Katika sala, tumia sauti nyembamba. Mpe Baba orodha: kazi, kiwanja, viza, mchumba. Asipojibu kufikia Ijumaa, nuna. Ukisinzia, jitetee kwamba hata Teresa alisinzia, naye akasema wazazi huwapenda watoto wao wakiwa wamelala kama wakiwa macho. Usiongeze kwamba yeye alisinzia kanisani, katika saa ya sala. Wewe umesinzia kitandani, simu mkononi.

Sehemu ya hatari ni majirani. Nyuma ya Teresa kulikuwa na sista aliyekuwa na kelele fulani ya kuudhi wakati wa tafakari. Teresa alitamani kugeuka amkate jicho. Akakaa kimya, jasho likimtoka, akaamua kuisikiliza kelele ile kama muziki na kumtolea Yesu. Kwenye kufua, mwingine alimrushia maji machafu usoni kila alipokung'uta vitambaa; Teresa hakurudi nyuma. Mtoto yeyote ninayemjua angelia, au angerudisha. Kwa hiyo ukikaa kanisani karibu na mtu anayekohoa, fuata mila zetu: geuka, mtazame, geuka tena.

Lifti yake ndiyo hupendwa zaidi. Alijua kwamba nyumba za matajiri zina lifti badala ya ngazi, akasema mikono ya Yesu itakuwa lifti yake. Wengi huikimbilia kabla ya kukiri kwamba ngazi za utakatifu zimewashinda. Wanafunzi wa Yesu nao walikuwa wakiulizana nani mkubwa pale alipomsimamisha mtoto katikati yao. Hakumleta kwa sababu anapendeza.

Na tangu Pasaka ya 1896, utamu wote ulimwishia Teresa. Kifua kikuu kilimla, na mbingu aliyoililia tangu utotoni ikawa kama haipo. Akaendelea kusali hivyo hivyo mpaka alipofariki tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na miaka 24. Sina ushauri wa kukwepa sehemu hiyo.

Mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwalimu wa Kanisa, cheo walichonacho Augustino na Thoma wa Akwino. Ukiuziwa kitabu kinachoahidi utoto wa namna hii kwa siku tisa, kirudishe dukani udai pesa yako.